Kumtenga Asiye na Hatia

Je, ni adili kumfungia peke yake kiumbe ambaye hapana ushahidi wowote kwamba ana maradhi, kwa sababu tu ametoka mbali na haijulikani amebeba nini mwilini mwake? Suala hili limewashughulisha wanachuoni, matabibu na watawala kwa karne nyingi. Lakini mahali ambapo nimeliona kwa ubayana mkubwa kuliko pote ni katika vyumba vya watu wachache wafugao samaki wa mapambo wa baharini katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, Buruburu, Umoja na Donholm, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kila ndoo ya maji ya chumvi haina budi kuchanganywa kwa mkono wa mwanadamu.

Samaki hawa wamo katika pwani yetu wenyewe. Wapiga mbizi huwavua kwa nyavu ndogo katika miamba ya matumbawe kuanzia Kilifi mpaka Shimoni, na wengi wao husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Wachache hupandishwa bara. Kitatange au kangaja wa buluu, ambaye juzi alikuwa na mwamba wake na mipaka yake anayoijua, hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, akafungiwa sandukuni gizani, akatikiswa mwendo wa kilomita zipatazo 480 kutoka Mombasa, akawasili amechoka, tumbo tupu, na kinga ya mwili wake imedhoofika. Hapo ndipo uele ambao baharini usingemdhuru sana hupata nafasi yake. Kimelea ambacho wataalamu hukiita Cryptocaryon irritans hujipenyeza chini ya ngozi na katika matamvua, kikaonekana kwa nje mfano wa chembe za chumvi zilizonyunyizwa. Hukaa mwilini siku 3 hadi 7, kisha huanguka, hujijengea ganda juu ya mchanga au jiwe, hugawanyika humo, na baadaye hutoa wana wengi waogeleao wakimtafuta samaki wa kumwingia. Katika upana wa bahari wengi wa wana hao hufa bila ya kumpata; ndani ya kuta nne za kioo wao hawana pa kupotelea, wala samaki hana pa kukimbilia.

Kwa sababu hiyo mwenye hadhari hamtii mgeni katika tangi kuu siku ya kuwasili. Humweka katika tangi jingine, tupu, lisilo mchanga wala matumbawe, kwani chokaa hunyonya dawa, na konokono, uduvi na matumbawe hufa kwa dawa hiyo. Humpa pampu ya hewa na vipande vya bomba vya kujifichia. Kisha hutia shaba itokanayo na mrututu, miligramu 0.15 hadi 0.20 katika kila lita, akaipima kila siku kwa muda wa wiki kadhaa. Shaba haikifikii kimelea kilichokwisha kuzama chini ya ngozi. Huua wale wana wanaoogelea tu, na ndiyo sababu haiwezi kutiwa mara moja ikaachwa, bali lazima idumu mpaka wa mwisho wao atoke mafichoni.

Mzee mmoja wa Pumwani, alipoonyeshwa tangi kama hili na kijana wa jirani, alimtazama yule samaki kwa muda mrefu akauliza, “Mwanangu, huyu amekosa nini?” Kijana akajibu, “Hajakosa kitu, mzee. Ndiyo kwanza amefika.” Jibu hili ni la kweli, na ukweli wake ndio unaolifanya jambo lenyewe kuwa zito.

Wako watakaosema kwamba kumtenga mzima kwa kuhofia maradhi ni upungufu wa tawakali, maadamu hakuna ajiwaye na kifo chake wala maradhi yake ila kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Hoja hii ni kongwe, na jibu lake ni kongwe vilevile. Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari mahali paitwapo Sargh kwamba tauni imezuka huko, alishauriana na watu wake akaamua kurudi. Na jemadari wake wa Sham, Abu Ubaida, alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine ya Mola yule yule, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye ubavu wa majani na ubavu mkavu. Ndipo sahaba Abdurrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume kwamba ardhi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Iko pia hadithi nyingine, iliyo karibu zaidi na tangi letu, inayokataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Aliyesoma habari hizi hawezi kusema kwamba hadhari na imani ni maadui.

Wako pia watakaosema kwamba ni kinyume cha ukarimu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Itakuwaje basi mgeni apokewe kwa chumba kitupu na maji ya shaba? Lakini watu waliouguza samaki wanajua kwamba mapokezi ya taadhima na mapokezi ya huruma si kitu kimoja. Mfuko wa safari ukishafunguliwa, hewa ya kaboni hutoka, maji hubadilika, na amonia iliyokusanyika njiani hugeuka kuwa sumu kali, hata yule anayecheleweshwa humo kwa adabu, tone baada ya tone, akadhurika kwa adabu hiyo. Kadhalika anayetiwa siku ile ile katika tangi kuu huwakuta wenyeji wenye mipaka yao, akafukuzwa asipate kula. Katika chumba kile kitupu mgeni hupata utulivu, chakula kisichogombaniwa, na jicho la mtu linalomtazama anavyopumua. Hupata na dawa ambazo binadamu anazijua: klorokwini, tuliyoimeza kwa malaria mpaka Kenya ilipoiondoa katika nafasi ya kwanza mwaka 1998, hutibu baadhi ya maradhi ya samaki wa bahari, na prazikwanteli, wanayopewa watoto wa kando ya Ziwa Nyanza kwa ajili ya kichocho, huua minyoo bapa ya ngozi na matamvua. Naliona jambo hili kuwa nasaba ya viumbe iliyo dhahiri kuliko nasaba nyingi tunazojivunia.

Hoja iliyo nzito hasa ni ya tatu, nayo ni insafu. Shaba ni sumu. Ikipungua haiui kimelea, ikizidi humwua samaki. Na huyu anayetiwa ndani yake huenda hana kimelea hata kimoja, akateseka kwa faida ya wengine ambao hawajui kwamba yuko. Mimi nasema inajuzu, lakini kwa sharti: siku za kutengwa zitokane na maradhi, zisitokane na hofu ya yule atengaye. Mfugaji hachagui muda kwa hawaa yake. Umri wa kimelea ndio unaomhesabia, na hesabu hiyo ikiisha hana haki ya kuongeza siku bila ya dalili mpya.

Mitaa hii ya mashariki inapaswa kulijua sharti hilo kuliko mahali pengine popote, kwani mitaa ya kwanza ya upande huu ilijengwa kwa kulivunja. Mwaka 1902 tauni ilipozuka Nairobi, bazari la Wahindi lilitiwa moto kwa amri ya tabibu wa serikali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, alishauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mitaa mbalimbali, na hoja yake ilikuwa afya. Katika miaka ya 1920 wenyeji wa vijiji vya kale vya Nairobi walianza kuhamishiwa Pumwani. Na mitaa ya Waafrika iliyofuata, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, ikapangwa upande ule ule. Ile ilikuwa karantini iliyotwaa lugha ya tabibu bila ya kutwaa kipimo chake. Haikuwa na mgonjwa aliyetajwa, haikuwa na dawa, na wala haikuwa na siku ya mwisho.

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilizuia watu, kwa sababu ya korona, kuingia na kutoka mtaa wa Eastleigh wa Nairobi, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, kwa muda wa siku 15. Muda ukaongezwa, na zuio likaondolewa mwanzoni mwa Juni. Silinganishi amri hii na ushauri wa Simpson, kwa kuwa maradhi yalikuwepo na mwisho ulikuwepo. Lakini wako waliokuwa wakila kwa kibarua cha siku ile ile, na futari haingojei hesabu ya wizara. Na miezi iliyotangulia, wasafiri waliowekwa karantini walitakiwa kujilipia gharama ya kule kutengwa kwao. Hapo naona kasoro ya insafu. Aliyefungiwa kwa faida ya wengine ni mdai wao. Abu Ubaida hakurudi na Umar. Alibaki na watu wake, akafa katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra. Na hadithi inamwahidi ujira wa shahidi yule akaaye kwa subira katika mji wenye tauni. Mwenyezi Mungu ameutambua mzigo wa aliye ndani. Watu wa nje watausahau kwa hoja gani?

Samaki pia ni mdai. Mfugaji aliyemfungia huamka kabla ya kwenda kazini kumbadilishia maji na kupima shaba, na maradhi yakiwa yamekwisha kuingia tangi kuu, wenye hadhari huwatoa wote na kuliacha bila samaki kwa siku 76, wakitazama mawe matupu. Sehemu hiyo ya deni hulipwa. Iko sehemu nyingine ambayo tangi tupu haliigusi, kwa maana msafiri wa mwaka 2020 alipanda ndege kwa hiari yake, na kangaja hakupanda. Wale samaki wadogo waishio katika minyiri yenye sumu ya anemoni wa baharini, wenye mistari ya machungwa na nyeupe, wamezalishwa vifungoni kwa miaka mingi, na anayewataka anaweza kuwapata bila ya wavu kushuka mwambani. Kangaja wa buluu, mwepesi wa kushikwa na madoa meupe kuliko wengi wa jamii yake, bado huvuliwa baharini. Na mtu wa Umoja anayemtamani anapaswa kulipima jambo hilo kabla ya kununua hata ile chumvi.