"Nimeijaribu, Inafanya Kazi"

Mtu akisema "nimeijaribu", amemwahidi nini anayemsikiliza? Swali hili lilinijia kwa njia isiyopendeza, mimi na mwenzangu wa darasa tulipokuwa tukitengeneza mchezo wa kompyuta hapa Kampala. Mchezo wenyewe ni wa kuwafundisha watoto wa shule ya msingi ngeli za nomino: mtoto anaona jina, tuseme "mti", kisha anachagua kiambishi kinachopatana nalo. Kwa watoto wengi wa hapa Kiswahili ni somo kabla ya kuwa lugha, na ngeli ndizo zinazowakimbiza.

Tulitumia Unity. Asiyeijua aelewe hivi: unaandika maagizo na kupanga picha ndani ya kihariri, halafu unabonyeza kitufe cha Play na mchezo unaanza humo humo ili uone ulichokifanya. Kwa kawaida, kabla mchezo haujaanza, Unity hufanya usafi. Hupakia upya maagizo, na hivyo kufuta thamani zilizoachwa kwenye kumbukumbu na mchezo uliotangulia. Hupakia upya na mandhari pia. Kadiri mradi unavyokuwa na maagizo mengi, ndivyo usafi huo unavyochukua muda. Kwenye kompyuta yangu ya mitumba ilikuwa karibu nusu dakika kila mara. Ukibadilisha rangi ya kitufe, nusu dakika. Ukirudisha rangi ya zamani, nusu dakika nyingine. Na umeme umekatika tangu asubuhi.

Tangu toleo la 2019.3, Unity inakuruhusu kuuzima usafi huo. Niliuzima, na mchezo ukawa unaanza papo hapo. Sioni dhambi katika hilo. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na betri ya dakika arobaini. Tena kusubiri nako kuna hasara yake: fikra inakatika, unafungua WhatsApp, na ukirudi umesahau ulichotaka kukiona.

Lakini usafi ukizimwa, mchezo wa pili unarithi mabaki ya ule wa kwanza. Mwongozo wa Unity wenyewe unatahadharisha kwamba aliyezima inampasa aandike maagizo ya kuzirudisha thamani hizo mwanzo. Niliusoma. Nikasema nitayaandika kesho.

Wiki tatu baadaye mwenzangu, akitumia kompyuta hiyo hiyo, alizipanga upya folda zetu, ambazo zilikuwa zimechanganyika kama nguo za Owino. Hakugusa maagizo, ila alihamisha mafaili, likiwemo lile la orodha ya majina. Akaniuliza, "Umeijaribu tena? Nimehamisha vitu." Nilibonyeza, majina yakatokea, nikamjibu, "Nimeijaribu, inafanya kazi."

Yalitokea kwa sababu orodha ilikuwa bado imejaa kwenye kumbukumbu tangu asubuhi. Maagizo niliyoyaandika mimi yalilisoma faili pale tu orodha ilipokuwa tupu, na mahali yalipolitafuta, faili halikuwapo tena. Tulipouweka mchezo kwenye kishikwambi na kuupeleka shuleni, huko hakukuwa na asubuhi ya kurithi. Darasa zima la watoto lilitazama skrini isiyo na neno hata moja. Mhadhiri wetu alipouliza nani aliligusa faili, mwenzangu alisema, "Ni mimi, mwalimu." Nikanyamaza. Wakati huo sikuijua sababu. Usiku niliijua, nikaendelea kunyamaza siku tatu.

Mwanafalsafa Mwingereza William Clifford, katika insha yake ya 1877 kuhusu maadili ya kuamini, anatoa mfano wa mwenye meli kuukuu. Alikuwa na shaka kama meli ingeiweza safari, akajituliza mpaka shaka ikamtoka, akaiacha iondoke na abiria, ikazama. Clifford anasema mtu huyo ana hatia, na angekuwa nayo hata kama meli ingefika salama. Nilipoisoma nilitaka kujificha nyuma ya tofauti moja: yule alikuwa na shaka akaizima, mimi sikuwa nayo, majina niliyaona kwa macho yangu. Kinga hiyo haikudumu. Kuijaribu kazi ni kuipa nafasi ya kukukatalia. Mimi nafasi hiyo nilikuwa nimeiondoa wiki tatu kabla, kwa hiyo hata shaka yenyewe haikuwa na mahali pa kupitia.

Mtu anaweza kunipinga kwamba kila jaribio huacha kitu nje. Hata usafi ukiwashwa, kihariri si kishikwambi. Ni kweli, na ndiyo maana silaumu kitufe. Nailaumu sentensi yangu. Kwangu "nimeijaribu" ilimaanisha imeanza na sikuona tatizo. Kwake ilimaanisha nimeangalia kama kuhamisha kwake kumeharibu kitu. Pengo baina ya maana hizo mbili nililijua mimi peke yangu. Ningesema "nimeijaribu bila kupakia upya", yeye angejua la kufanya, maana ni hodari kuliko mimi. Aliyepunguza kazi ndiye anayejua kilichopunguzwa, basi mzigo wa kusema ni wake. Tukimwachia msikilizaji aulize, tunamtaka aulize jambo asilojua kuwa lipo.

Siku ya nne nilimweleza, tumekaa kwenye ngazi za maktaba. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliuliza tu, "Nilipokuuliza, ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua nimeuzima usafi, ila sikujua kilichotokea kwa sababu hiyo. Alinyamaza kidogo, akasema hayo ni majibu mawili na yeye ameuliza swali moja. Kisha tukaenda wote kwa mhadhiri.

Maagizo ya kuzirudisha thamani mwanzo niliyaandika jioni ile ile. Usafi bado nimeuzima. Mwenzangu akiniuliza kama nimejaribu, nauwasha kwanza, nasubiri nusu dakika yangu, ndipo ninapomjibu.