Je, Aliyetengwa Anaruhusiwa Kushinda?

Tarehe 5 Mei 2025, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Uingereza, kijana wa Kichina aitwaye Zhao Xintong alimshinda Mark Williams fremu 18 kwa 12 akawa bingwa wa dunia wa mchezo wa snuka. Alikuwa na umri wa miaka 28. Kabla yake hakuna Mchina, wala mtu yeyote kutoka Asia, aliyewahi kulitwaa taji hilo. Lakini miezi minane tu nyuma kijana huyo alikuwa ndiyo kwanza anamaliza adhabu. Alikuwa amefungiwa kucheza kwa miezi 20, kwa sababu ya kamari na kwa kushiriki katika upangaji wa matokeo.

Ndugu msomaji, huenda mchezo huu hujawahi kuutazama hata mara moja. Wengi wetu tunamjua zaidi mdogo wake, yaani puli, ambaye makazi yake ni baa na vibanda vya mtaani, na kwa sababu hiyo wazee wa kanisa humwangalia kwa jicho la pembeni. Naomba univumilie. Sikuja kuwatetea wacheza puli. Swali ninalolileta linatuhusu sisi ambao kila mwaka, katika sharika zetu, tunawapokea watu waliotengwa na kurudi kundini: mtu akishatubu na kumaliza marudi yake, anarudishiwa nini hasa? Anarudishiwa kiti tu, au anarudishiwa na ruhusa ya kung'aa?

Kwanza tuone kosa lenyewe, maana mahali lilipotendeka pana maana kubwa. Meza ya snuka ni kubwa, ina urefu wa zaidi ya meta tatu na nusu. Juu yake kuna mipira 15 myekundu, mipira sita ya rangi nyingine, na mmoja mweupe ambao ndio pekee unaopigwa kwa fimbo. Mchezaji huingiza mwekundu kwa pointi moja, kisha wa rangi, na kama ni mweusi anapata pointi saba. Mifuko ya kuingizia ni finyu. Mpira ukikosea njia kwa upana wa ukucha unagonga pembe na kurudi. Hata bingwa hukosa, na hukosa mara nyingi.

Ndiyo maana kupanga matokeo katika mchezo huu ni jambo baya kuliko linavyosikika. Katika mpira wa miguu, kipa anayeuachia mpira upite katikati ya miguu yake uwanja mzima unamzomea. Katika snuka, aliyekosa kwa makusudi na aliyekosa kwa bahati mbaya wanafanana kabisa. Refa amesimama hatua mbili kutoka mezani na hawezi kujua. Anayejua ni mpigaji na Mungu. Mchezo huu kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya dhamiri, kiasi kwamba mchezaji akigusa mpira kwa mkono wa shati lake na refa asione, anatarajiwa aseme mwenyewe. Kwa hiyo anayeuza fremu anaiba mahali ambapo watu wameacha mlango wazi kwa kuaminiana.

Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, wachezaji kumi, wote Wachina, walisimamishwa. Mwezi Juni 2023 tume huru ya nidhamu ilitoa hukumu. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha, kwa kuwa walionekana ndio waliowavuta wengine. Yan Bingtao, aliyeshinda taji la Masters mwaka 2021 akiwa na miaka 20, alipewa miaka mitano. Zhao alipata adhabu nyepesi kuliko wote. Tume ilikubali kwamba yeye mwenyewe hakupanga mechi yake yoyote; kosa lake lilikuwa kushiriki katika jambo la mwenzake kupanga mechi mbili, na kubeti kwenye mechi za snuka, jambo ambalo mchezaji wa kulipwa amekatazwa hata kwa mechi isiyomhusu. Kiwango kilichotajwa kwanza kilikuwa miaka miwili na nusu. Kwa sababu alikiri mapema, kikashuka hadi miezi 20.

Hapa ndipo wengi hushikwa na shaka, na shaka hiyo ni halali. Kukiri kunakopunguza adhabu ni kukiri gani? Mtu akijua kwamba neno "nimekosa" lina thamani ya miezi kumi, si amenunua tu? Tunajua jambo hili kanisani. Wapo wanaokuja kutubu siku chache kabla ya harusi ya binti yao, kwa sababu bila hivyo hawataruhusiwa kusimama madhabahuni kumtoa. Wapo wanaotubu baada ya picha kusambaa kwenye simu za watu, na si kabla.

Lakini tusome tena habari ya mwana mpotevu katika Luka 15, tukizingatia kinachomrudisha nyumbani. Ni njaa. Anakumbuka kwamba vibarua wa baba yake wanakula na kusaza, kisha akiwa kule kwa nguruwe anapanga hotuba yake, neno kwa neno, kama mtu anayejiandaa kwa usaili wa kazi. Hotuba ile ina hesabu ndani yake: anaomba nafasi ya kibarua, yaani mshahara na chakula. Akifika, baba hamuulizi kama anarudi kwa upendo au kwa tumbo. Hata hamwachi amalize. Sehemu ya kuomba kibarua haitamkwi kabisa, kwa maana baba ameshaanza kuagiza vazi na pete. Sisemi kwamba nia haina maana. Nasema kwamba tukisubiri toba isiyo na chembe ya hesabu ndani yake, basi tufunge kitabu cha waliorudi kundini, maana hatutaandika jina hata moja. Mtu hurudi kwa miguu aliyo nayo. Moyo mara nyingi hufika baadaye.

Ugumu wa kweli upo kwingine. Baada ya adhabu kwisha Septemba 2024, Zhao hakurudishwa mahali pake. Alikuwa ameshinda taji la UK mwaka 2021 na German Masters mwaka 2022, lakini yote hayo hayakumfungulia mlango. Hakuwa tena mchezaji wa kulipwa. Alianzia chini, katika mashindano ya ridhaa, akipambana na watu ambao wengi wao hawakuwahi hata kufika alikokuwa amefika yeye. Kwa ubingwa wa dunia ilimbidi apite raundi nne za mchujo, kisha mechi tano ndani ya Crucible. Katika nusu fainali alimpiga Ronnie O'Sullivan, bingwa mara saba, fremu 17 kwa 7. Hajawahi kutokea bingwa wa dunia aliyeingia mashindanoni kama mchezaji wa ridhaa.

Na hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Fikiri kidogo: kama Zhao angerudi, akapigwa raundi ya kwanza, akaenda zake, nani angejali? Tungesema maskini, amelipa, mwacheni aishi. Kilichowakera watu ni kwamba alishinda. Nami naona hapo ndipo msamaha wetu unapopimwa. Kumsamehe aliyerudi akiwa amechakaa ni rahisi, maana uchakavu wake unaendelea kumwadhibu kwa niaba yetu. Yule kaka mkubwa wa kwenye mfano huenda asingekasirika kama angemkuta mdogo wake jikoni amekaa kimya akila makombo. Kilichomchoma ni ngoma na ndama aliyenona.

Tazama tunavyofanya sisi. Mwimbaji aliyetengwa akirudi kundini, tunampigia vigelegele siku ile ya kurudi. Miezi mitatu baadaye mwalimu wa kwaya anampa kuongoza wimbo, kwa sababu kweli sauti yake ni nzuri kuliko zote, na minong'ono inaanza: "Huyu juzi tu!" Nani alisema msamaha unakwenda hadi benchi ya nyuma na kuishia hapo? Na tuseme ukweli zaidi, hata mizani yetu imepinda. Mwenye gari kubwa akitubu anarudi Jumapili ya pili akiwa mgeni rasmi wa harambee. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa anabaki nyuma mpaka mtoto anaanza shule. Tume ile ya snuka, pamoja na udhaifu wake, angalau iliandika tarehe ya mwisho wa adhabu, na tarehe ilipofika ikaiheshimu.

Lakini mtu mwenye busara atauliza: Je, mtunza hazina aliyekula pesa za mavuno naye arudishiwe funguo? Swali zuri, na jibu langu ni hapana, walau si kwa haraka. Hapa lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo huwa tunavichanganya, yaani msamaha na dhamana. Msamaha ni wa mkosaji. Dhamana ni ya watu wengine waliowekwa chini ya mkono wake. Kumkabidhi tena kasha la fedha yule aliyeshindwa na fedha si neema, na kwake pia ni mtego. Anaweza kusamehewa kabisa, akashiriki Meza ya Bwana, akahubiri vizuri kuliko mwinjilisti, na bado asishike kasha. Zhao hakuomba kuwa refa wala mjumbe wa kamati ya nidhamu. Aliomba kucheza, mbele ya kamera, mechi baada ya mechi, dhidi ya watu waliokuwa na kila sababu ya kumshinda. Ushindi wa namna hiyo hakuna aliyempa.

Paulo na Barnaba waligombana juu ya jambo la namna hii hii. Yohana Marko aliwaacha njiani katika safari ya kwanza, na walipotaka kutoka tena Barnaba akasema tumchukue, Paulo akakataa. Matendo 15 inaeleza kwamba ugomvi ulikuwa mkali hata wakatengana. Nani alikuwa na haki? Nimewahi kusikia mahubiri ya kumtetea kila mmoja. Paulo alikuwa akilinda kazi, kwa sababu safari ile haikuwa matembezi. Barnaba alikuwa akimlinda mtu. Nadhani kanisa lilihitaji wote wawili. Kama Barnaba asingekuwepo, Marko angebaki kuwa yule aliyekimbia. Lakini kinachonigusa zaidi ni mwisho wa habari: katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yuko gerezani na anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa kazi. Paulo yule yule! Inaonekana alikuwa amemwangalia miaka yote ile, akaona, akabadili neno lake. Wengi wetu tunaiga ule ukali wa mwanzo, tukisahau barua ya mwisho.

Mark Williams, aliyeshindwa katika fainali ile, alikuwa na miaka 50. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, na hakuna aliyewahi kufika fainali pale Crucible akiwa na umri kama wake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kunung'unika kwamba taji lake la mwisho limechukuliwa na mtu aliyetoka kifungoni, alikuwa yeye. Alimsifu Zhao hadharani. Sijui imani ya Williams wala si kazi yangu kuijua, ila kaka mkubwa wa Luka 15 alikataa hata kuingia nyumbani.

Neno moja kwa vijana wetu, maana nisipolisema nitakuwa nimekwepa. Leo simu ya mwanakwaya ina wimbo wa Jumapili na mkeka wa Jumamosi, bega kwa bega. Zhao alikuwa tayari na taji na heshima kabla ya kufungiwa. Hivyo vyote havikumzuia kuingia katika kamari, na wenzake wengine waliovutwa walikuwa wadogo kuliko yeye, mbali na nyumbani, wakimsikiliza mkubwa wao. Wanaozungumza kwa wepesi juu ya kubeti wajue kwamba hata wale wanaoushika mpira wenyewe kwa fimbo walipoteza.

Bado linanisumbua jambo la hao wawili waliofungiwa maisha. Sidhani tume ilikosea. Liang alikuwa mkubwa, na aliyewapoteza wadogo anabeba zaidi. Bwana mwenyewe alizungumza maneno mazito juu ya jiwe la kusagia na shingo ya mtu wa namna hiyo. Meza ile hatairudia. Lakini mchezo unaweza kumfunga mtu maisha kwa sababu mchezo ni kitu kimoja tu katika maisha. Kanisa halina adhabu hiyo. Liang akiingia kesho katika ibada yoyote, Sheffield au Harbin au kwetu, mchungaji hana karatasi ya kumwonyesha iliyoandikwa "maisha". Atalazimika kumtafutia pa kukaa, na wale aliowapoteza huenda wamekaa benchi iliyo mbele yake.

Adhabu ya Yan Bingtao nayo inaisha mwishoni mwa 2027. Atakuwa na miaka 27, umri ambao mchezaji wa snuka bado ana miaka mingi mbele yake. Atalazimika kuanzia chini kama Zhao, na safari hii atakaowakuta juu, wakimsubiri, mmojawapo ni Zhao mwenyewe.