Haki ya Kukaa Juu ya Mchanga Unaohama

Bahari haishi zinge, walisema wazee wetu, na kila mtu wa kisiwani ajua kuwa neno hilo halikusemwa kwa kupamba mazungumzo. Lakini liko swali ambalo methali hiyo hailijibu: ikiwa ardhi niliyojenga juu yake ndiyo yenyewe ihamayo, haki yangu ya kukaa pale yafika wapi? Swali hili latuhusu sote tukaao karibu na maji. Hata hivyo, iko pwani moja ambako limekuwa jambo la kila siku, la mbao na misumari, la bima na hati za nyumba. Nayo ni pwani ya vijiji vidogo vya Kisiwa cha Hatteras, North Carolina, nchini Marekani.

Hatteras ni kimojawapo cha visiwa viitwavyo Outer Banks: utepe mwembamba wa mchanga uliolala kandokando ya bara, ukiikinga na mawimbi ya Atlantiki. Upande wa mashariki ni bahari kuu; upande wa magharibi ni maji ya ndani, mapana na ya kina kifupi, yaitwayo Pamlico Sound. Huko kipo kijiji cha Rodanthe, chenye watu mia chache tu wakaao mwaka mzima, na pale kisiwa ni chembamba hata mtu aweza kutembea kutoka maji haya hadi maji yale kwa muda mfupi.

Kisiwa cha namna hii hakikai juu ya mwamba wa matumbawe kama vingi vya kwetu. Hukaa kwa kuhama. Tufani ipigapo, mawimbi hupita juu yake, yakauchukua mchanga wa upande wa bahari kuu na kuumwaga upande wa ndani. Ufuo hurudi nyuma, na mgongo wa kisiwa huongezeka. Miaka mingi ikipita, kisiwa kizima huwa kimesogea kuelekea bara bila ya kufa. Milango ya bahari nayo hufunguka na kufungika: mlango wa Oregon na ule wa Hatteras ilifunguliwa yote miwili na tufani moja ya Septemba 1846.

Hapo ndipo lilipo fumbo lenyewe. Kinachokihuisha kisiwa ndicho kinachoiangamiza nyumba. Na kinachoilinda nyumba, kama ukuta au tuta lililoinuliwa, hukinyima kisiwa mchanga kinaouishia. Mtu hawezi kukipenda kisiwa hiki na papo hapo akakitaka kitulie.

Wenyeji wa zamani walilijua hilo bila ya kulisomea. Walijenga upande wa maji ya ndani, penye vichaka na miti, wakaiachia bahari kuu ufuo wake. Katika baadhi ya nyumba za Hatteras na za kisiwa jirani cha Ocracoke walitoboa matundu sakafuni, au waliweka kifuniko cha kufunuliwa, ili maji ya mafuriko yaingie ndani na nyumba isielee ikachukuliwa. Tulifikiri jambo hilo kwa utulivu. Mwenye nyumba aifungulia bahari mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa amekwisha kujua kwamba mgeni huyo hakatazwi. Hupokewa mpaka aondoke.

Na ilipodhihirika kuwa mgeni hatawaachia nafasi, waliondoka wao. Baada ya tufani ya Agosti 1899, watu wa Diamond City, kijiji cha wavuvi na wawinda nyangumi kwenye kisiwa cha Shackleford Banks, kusini zaidi, walizivunja nyumba zao, wakazipakia mashuani, na kuzisimamisha upya Harkers Island na kwingineko. Kufikia 1902 kijiji kilikuwa kimehamwa. Hatuna haja ya kuambiwa kuwa walihuzunika. Makaburi ya wazee hayapakiwi mashuani. Lakini hawakumwachia mtu mwingine kazi ya kuziokota mbao zao.

Karne ya 20 ilileta fikra nyingine. Katika miaka ya 1930 vibarua wa serikali walijenga tuta refu la mchanga kando ya bahari, wakalipanda majani ili lisihame. Mwaka 1953 ikaanzishwa hifadhi ya taifa ya ufuo wa Cape Hatteras, na mwaka 1963 daraja likauvuka mlango wa Oregon, gari likafika bila ya kungoja feri. Nyuma ya tuta ilipita barabara, na barabara ikaleta nyumba. Nyingi hazikuwa tena nyumba za wavuvi, bali za kuwakodishia wageni wa majira ya joto, zimesimamishwa juu ya nguzo na kuelekezwa bahari kuu, kwa sababu mgeni hulipa ili aione bahari. Tuta lilimfundisha mwenye kununua kwamba mchanga umetulia. Lilikuwa somo la uongo. Mwaka 2003 tufani Isabel ilikikata kisiwa karibu na kijiji cha Hatteras, ikabidi serikali ifukie mlango mpya. Mwaka 2011 tufani Irene iliikata barabara kaskazini ya Rodanthe. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya lipitalo juu ya maji ya ndani, na kipande cha barabara ya zamani kikaachwa. Barabara ilikubali kuhama. Je, nyumba?

Kabla ya kuliangalia hilo, tuutazame mnara wa taa wa Cape Hatteras. Ulipowashwa mwaka 1870 ulikuwa meta 450 hivi kutoka baharini. Kabla ya karne iliyofuata kwisha, maji yalikuwa yamebakiza meta 40 hivi. Wako waliotaka mawimbi yazuiwe kwa kuta, nao hawakuwa wapumbavu. Waliona kwamba mnara ukiondolewa pale ulipojengwa si mnara ule tena. Lakini mwaka 1999, kwa muda wa siku 23, jengo hilo lenye uzito wa tani zaidi ya 4,000 lilisukumwa juu ya reli za chuma umbali wa meta zipatazo 880, likasimama tena mbali na bahari kama lilivyokuwa mwanzo. Je, mnara ulipasaliti pahala pake? Mimi naona ulipatii. Kazi ya mnara si kusimama pale pale. Kazi yake ni kumwonyesha baharia ufuo ulipo, na ufuo ulikuwa umehama.

Nyumba hazikufuata mfano huo, isipokuwa chache. Tangu 2020 hadi mwisho wa 2025, nyumba zaidi ya 20 za Rodanthe na Buxton zilianguka baharini. Tarehe 10 Mei 2022 zilianguka mbili kwa siku moja, na picha zake zikazunguka duniani kote. Yafuatayo baada ya picha hayakuzunguka sana: mbao zenye misumari zilizotapakaa maili nyingi za ufuo, karo za vyoo zilizofukuliwa na mawimbi, na watumishi wa hifadhi pamoja na wanakijiji wakiokota takataka. Kwa utaratibu wa bima ya mafuriko uliokuwapo, mwenye nyumba alifidiwa nyumba ikisha kuanguka, si akiivunja mapema. Yaani kanuni ilimlipa mwenye kungoja. Mwaka 2023 idara ya hifadhi za taifa ilizinunua nyumba mbili za Rodanthe kwa zaidi ya dola 700,000 na kuzibomoa kabla hazijaanguka. Ufuo ulisalimika, lakini gharama ilitoka katika mfuko wa umma.

Atatokea mtu aseme: mali ni yangu, na hatari ni yangu, nyinyi yawahusuni? Hoja hii ina nguvu, maana hakuna maisha ya pwani yasiyo na hatari, na mtu mzima hapokonywi uhuru wake kwa kuhurumiwa. Lakini hatari ikoma kuwa yangu siku msumari wa nyumba yangu uingiapo katika mguu wa mtoto wa mtu mwingine. Uhuru wa kujitia hatarini haubebi ndani yake uhuru wa kuwatia wengine.

Na yuko mwingine, ambaye hoja yake ni nzito zaidi: yule ambaye wazee wake walizaliwa na kuzikwa kijijini, wala hana nyumba ya pili popote. Huyu na yule mwenye nyumba ya kukodisha hawapimwi kwa kibaba kimoja. Aliyevuna kodi ya miaka mingi kwa ajili ya mandhari ya bahari ni haki aubebe mzigo wa kuisafishia bahari. Anayepoteza stara yake ya pekee ni haki asaidiwe kuhama akiwa bado ana cha kuhamisha.

Kijiji hicho hicho chatupa kipimo cha jambo hili. Agosti 1918, meli ya mafuta ya Kiingereza, Mirlo, iliwaka moto karibu na pwani ile. Waokoaji wa kituo cha Chicamacomico, kilichoko Rodanthe, waliingia kwa mashua kati ya mafuta yaliyokuwa yakiwaka, wakawatoa watu 42 wasiowajua. Ufuo ule ulikuwa pahala pa kumtoa mgeni hatarini. Ni aibu ukiwa pahala pa kumtegea hatari.

Nasi wa visiwa vya huku tusiwasute majirani wa mbali. Kule Lamu, milima ya mchanga ya Shela huyapokea maji ya mvua na kuyahifadhi chini yake, na visima vyake huunywesha mji. Ajengaye juu ya mchanga ule hajengi juu ya kiwanja chake tu. Ajenga juu ya kinywaji cha jirani yake. Mchanga ule nao haufanyi kazi yake ila ukiachwa uwe mchanga.

Basi naona haki ya kukaa ipo, na mapenzi ya pahala ni ya kweli, lakini haki hiyo ni ya mshika amana. Ashikaye amana huitumia na kuitunza, wala hageuki kuwa mwenyewe kwa kukaa nayo muda mrefu. Wajibu wa kwanza wa mwenye nyumba ya ufuoni ni kuichagua mapema siku ya kuivunja, kwa mkono wake, kabla bahari haijamchagulia. Na wajibu wa jamii ni kuziandika upya kanuni zake ili mwenye kuvunja mapema asipate hasara kuliko mwenye kungoja. Watu wa Diamond City waliuweza wajibu wao kwa mashua na misumeno tu.