Ayubu na Kigae Chake

Katika sala za jumuiya yetu hapa Moshi, faraja ninayopewa mara nyingi kuliko zote ni kwamba Mungu haangalii sura, anaangalia moyo. Wanaoniambia ni watu wema, na neno lenyewe limo katika Samweli wa Kwanza. Ila hapo aliambiwa nabii aliyetumwa kumpaka mfalme mafuta, akavutiwa na kimo cha kijana. Hakuambiwa mgonjwa. Tena anayenifariji hivyo, chai ikija, ndiye hunipa kikombe cha plastiki cha kutupa, wenzangu wakinywea vya udongo.

Mimi ni fundi cherehani na nina soriasisi. Kwenye viwiko, magoti na kichwani nina mabaka yaliyovimba, ya zambarau iliyokolea, na juu yake magamba meupe. Nikishona kitambaa cheusi nakikung'uta kuliko ninavyokipiga pasi. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichopo katika hospitali ya KCMC tangu 1992, nilielezwa vizuri: kinga ya mwili imejigeukia yenyewe, na ngozi ambayo kwa wengine huchukua kama mwezi kujifanya upya, kwangu husukumwa juu ndani ya siku chache. Haiambukizi. Dawa ya kuituliza ipo, ya kuimaliza haipo. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu na kuzihimiza nchi zipambane na unyanyapaa. Azimio hilo halijafika kwenye jumuiya yetu.

Daktari aliniuliza pia kama nalala. Nilishangaa, maana nilikwenda kwa ajili ya viwiko. Nikamwambia: silali. Naamka nikihesabu nani ataniona kesho, shingo ipi ya gauni itanificha. Hofu ikizidi, ngozi inachachamaa. Ngozi ikichachamaa, hofu inapata sababu. Na zipo asubuhi ambazo hata kufunua cherehani siwezi, wala sitaki kuitwa jina. Akasema hiyo ni sonona, nayo inatibika. Kanisani nimeambiwa ni imani haba.

Hapo ndipo nilipokwenda kumsoma Ayubu mwenyewe badala ya kusimuliwa. Anapoteza ng'ombe, ngamia, watumishi na watoto kumi, yote siku moja, na bado anasujudu. Ndipo Shetani anarudi na hoja yake: mwili wake haujaguswa. Mwandishi ameweka ngozi mwisho, baada ya makaburi ya watoto, na sidhani alikosea mpangilio. Majipu yanamshika toka nyayo hadi utosi, naye anaketi majivuni akijikuna kwa kigae. Anayeujua mwasho wa usiku haulizi kigae ni cha nini; kucha hazitoshi. Rafiki zake wanakaa naye siku saba bila neno (ni jambo jema pekee walilofanya), kisha anafumbua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa.

Mahubiri mengi niliyosikia huruka kutoka sura ya 2 hadi ya 42, Ayubu akawa mvumilivu, amina. Katikati pale kuna mtu anayetamani kufa, na wale rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanaomsihi atubu dhambi asiyoijua. Mwishoni Mungu anawakasirikia hao watatu, na kusema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Jirani yangu Mwislamu aliniambia kwamba katika Qurani pia Ayubu anamlilia Mola kuwa madhara yamempata, na bado anasifiwa kwa subira. Basi kulia hakuiondoi subira, wala sonona si ushahidi wa moyo uliomwacha Mungu.

Na ile ya sura na moyo? Naikataa inapotumika kuniambia kwamba ngozi ni ganda tu. Watu hunifikia kupitia ngozi hii, na wanapoepuka kuigusa, anayeachwa peke yake ni mimi mzima. Yesu aliweza kuponya kwa neno, kama alivyomponya mtumishi wa akida akiwa mbali. Kwa yule mwenye ukoma katika Marko 1 alinyosha mkono akamgusa kwanza, angali na ukoma wake.

Sura ya 42 ina jambo jingine. Inahesabu kondoo 14,000 na ngamia 6,000, inawataja kwa majina hata binti watatu wapya. Kuhusu majipu, kimya. Katika Qurani Ayubu anapewa maji baridi ya kuoga na kunywa. Sisi hatuelezwi kama ngozi yake ilipona. Tunachoelezwa ni kwamba ndugu zake wote, na wote waliomjua zamani, walikuja nyumbani kwake wakala naye chakula, kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Fedha na pete siwadai wana jumuiya. Nawadai kikombe cha udongo.