BARNABA NA KIJANA ALIYERUDI NYUMBANI



Kila tarehe 25 Aprili twamkumbuka Mtakatifu Marko, mwandishi wa Injili. Tukumbuke pia kwamba alianza vibaya. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 13, aliwaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa, Paulo alikataa katakata kumchukua tena. Barnaba hakukubali. Wakashindana hata wakaachana, naye Barnaba akamtwaa kijana yule wakasafiri baharini kwenda Kipro.

Angalieni, wazazi: haikuandikwa kwamba Barnaba alikana kosa la kijana, wala kwamba alimpamba kwa sifa za bure. Alimpa kazi, akafuatana naye. Baadaye Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11).

Ripoti za shule zikifika nyumbani, wengi wetu huwa kama Paulo wa safari ile. "Huyu kichwa chake kizito." Mtoto akilisikia neno hilo mara tatu hulisadiki, na akishalisadiki haoni sababu ya kufungua daftari.

La ajabu ni kwamba hata kumwambia "una akili sana" kwaweza kumdhuru. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walitangaza majaribio waliyofanya na watoto wa shule. Waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walilegea upesi, na baadaye wakapata alama za chini kuliko mwanzo. Wengine hata walidanganya kuhusu alama zao (waalimu tunayajua hayo!). Waliosifiwa kwa bidii walizidi kushikana na maswali.

Lakini bidii peke yake haitoshi. Mtoto anayekosea kugawanya kwa kuwa hakushika tebo ya saba, ukimwambia "jitahidi" tu umemwacha gizani. Keti naye. Mwulize alifikaje kwenye jibu lile, mwonyeshe hatua aliyoiruka, kisha mpe hesabu nyingine ya namna ileile. Akipata, mtajie alichofanya: "Leo umekumbuka kushusha tarakimu." Mzazi asiyesoma naye aweza: amwombe mtoto ampe maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na pale anapokwama ndipo pa kumwuliza mwalimu kesho yake.