Mwanafunzi Asiye na Msimamizi

Ni nani amtawalaye mwanafunzi asiye na mwalimu, mtihani wala mshahara? Swali hili lawahusu sana wajifunzao maandishi mageni, kwani kazi yao ni ndefu na faida yake huchelewa. Mtoto wa Kijapani hufundishwa herufi 1,026 zenye asili ya Kichina katika miaka sita ya shule ya msingi. Lakini shule humsukuma, na mabango ya njiani humkumbusha. Mtu mzima ajifunzaye peke yake hana msukumo huo.

Mfano wa karibu uko Kilwa. Barua zilizoandikwa huko mwaka 1711, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hii yaliyosalia. Kijana wa Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara ya Dar es Salaam na Lindi, anaweza kuwa hodari wa Kiswahili na bado asisome hata neno moja la barua hizo.

Akitaka kujifunza, herufi 28 si nyingi. Lakini be, te na the zatofautiana kwa nukta tu; tena katika maandishi ya zamani be moja yaweza kusomwa b, p au mb, hata neno lililoandikwa namna moja likawa bata au pata. Hapo ndipo hamu hudanganya. Msomaji hulikisia neno, akadhani amelisoma. Huiona herufi si ngeni, akadhani anaijua. Yeye ni mshitakiwa na hakimu katika shauri moja, na hakimu wa namna hiyo ni mwepesi wa kusamehe.

Basi na aifunike herufi, aiandike kwa kumbukumbu, ailinganishe, kisha ayahesabu makosa yake. Wako watakaosema kwamba ukali huo huua hamu. Lakini hamu iliyolishwa sifa za uongo hufa mbele ya ukurasa wa kwanza usiosomeka, na herufi tatu zilizojulikana kweli leo huita tatu nyingine kesho. Kujitawala, basi, si kujitesa. Ni kukataa kujidanganya pasipo na mtu wa kuuona udanganyifu huo.