Acha Kubahatisha Joto, Lipime

Wewe uliyejiundia mashine ya kutotoleshea vifaranga kwa boksi la mbao na balbu mbili, makala hii ni yako. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 kwa siku 21. Joto likizidi mno kwa saa chache, viinitete hufa ndani ya ganda; likipungua, vifaranga huchelewa, na wengine hawatoki kabisa. Kiganja chako hakiwezi kutambua tofauti ya nyuzi moja. Themista inaweza.

Ni kidude kidogo kama punje ya mtama, chenye miguu miwili ya waya. Ile ya kawaida ina ukinzani wa omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na kadiri joto linavyopanda, ukinzani unashuka. Iunge mfululizo na rezista ya omu 10,000, kati ya volti 5 na upande wa hasi. Pale zinapokutana, vuta waya hadi pini A0 ya ubao wa kielektroniki wa Arduino Uno. Kwenye nyuzi 25 volti zinagawanyika nusu kwa nusu, na ubao unasoma takriban 512 kwenye kipimo cha 0 hadi 1,023. Sasa ibane themista kwa vidole viwili, utazame namba ikianza kusogea. Hapo joto la mwili wako limegeuka namba, kwa kazi ya mikono yako!

Hesabu ya kugeuza namba hiyo kuwa nyuzi huwakimbiza wengi. Isikukimbize. Wanasayansi Steinhart na Hart walichapisha mlinganyo wake mwaka 1968 katika jarida la utafiti wa bahari, na leo programu zenye mlinganyo huo tayari zinapatikana bure.

Kazi inayotofautisha fundi na mbabaishaji ni uhakiki. Ponda barafu, ongeza maji kidogo, koroga, kisha zamisha themista uliyoiziba vizuri: lazima isome karibu na sifuri. Maji yanayochemka nayo ni kipimo, ila Dar es Salaam huchemka karibu nyuzi 100, na Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, karibu 94. Halafu ilinganishe na kipimajoto cha homa ndani ya maji ya uvuguvugu, maana nyuzi 37.5 ndizo unazozihitaji.

Usiweke mayai mengine kabla themista haijakaa usawa wa mayai na kusoma 37.5 usiku kucha. Anza wiki hii.